Mvua Ikitukuta Mlimani, Tugeuze Lini?

"Shikamoo Mwalimu. Sisi ni watu tisa, wengi wetu tunafanya kazi pamoja hapa Dar es Salaam, na tumeanzisha kikundi cha kupanda milima. Mwezi uliopita tuliondoka na treni ya SGR ya alfajiri hadi Morogoro, tukachukua mwongozaji, na tukaanza kupanda kilele cha Lupanga, katika milima ya Uluguru, saa 2 asubuhi jua likiwaka. Saa 8 mchana, kabla hatujafika kileleni, ukungu ulitufunika na tukaanza kusikia ngurumo. Mimi nilisema turudi. Wenzangu walisema tumebakiza kidogo, na mwongozaji akasema, 'Ni ninyi tu.' Tukaendelea. Mvua kubwa ilitukuta juu, mmoja wetu akateleza wakati wa kushuka na kuteguka kifundo cha mguu, na tulifika chini saa 3 usiku kwa tochi za simu, tukiwa tumekosa treni yetu. Sasa wanapanga safari nyingine mwezi wa nne, na mimi wananitania kuwa ni mwoga. Je, nilikosea? Mtu anajuaje kwamba wakati wa kurudi umefika? Na ni kweli kwamba simu huvuta radi, na kwamba kinywaji kikali kidogo hupasha mwili joto?"

Marahaba, na poleni sana wewe na wenzako. Hukukosea kusema turudi, na anayekuita mwoga hakutendei haki. Hata hivyo nisingekuwa nimekusaidia kama ningeishia hapo, kwa sababu nikipiga hesabu ya safari yenu naona kwamba hata wewe uliyetaka kurudi ulichelewa kwa saa mbili. Wakati wenu wa kugeuza ulikuwa saa 6 mchana, pengine jua likiwa bado linawaka na kila mtu akiwa na furaha. Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili. Watu wengi husubiri hali ya hewa iwaambie warudi, ilhali ikishawaambia, njia ya kushukia huwa imekwisha kuharibika.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika milima ya Uluguru jua huzama saa 12 na robo jioni au baadaye kidogo, kutegemea mwezi, na kwa kuwa hatuko mbali na ikweta, giza halichukui hata nusu saa kuingia. Ndani ya msitu, chini ya miti iliyofungamana, utahitaji tochi hata kabla jua halijazama. Kwa hiyo kikundi kinapaswa kiwe kimetoka msituni ifikapo saa 11 jioni. Mlianza saa 2 asubuhi, na kutoka hapo hadi saa 11 ni muda wa saa 9. Toa saa moja kwa ajili ya jambo msilolitarajia, kama vile mguu kuteguka au mtu kuishiwa nguvu, zinabaki saa 8. Wengi wangezigawa saa hizo kwa kuamini kwamba kushuka ni rahisi, wakatenga saa 5 za kupanda na 3 za kushuka. Mimi huzigawa nusu kwa nusu, kwa sababu njia ya Lupanga ina mwinuko mkali, udongo wake mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni, na mizizi iliyokusaidia kama ngazi asubuhi hugeuka kuwa mahali pa kukwaa na kuanguka jioni. Mtu anayeshuka kwenye tope huenda polepole kama alivyopanda, na mara nyingine polepole zaidi. Saa 4 za kupanda kuanzia saa 2 zinakufikisha saa 6 mchana. Popote mtakapokuwa saa hiyo, hata kama kilele mnakiona kwa macho, mnageuza.

Angalia sasa ninyi mlipata nini. Saa 8 mlikuwa bado mnapanda, na mkaendelea kupanda. Hata kama isingenyesha hata tone, mngemalizia msituni gizani. Mvua iliongeza ubaya wa hali ambayo saa ilikuwa imeshaiharibu, na ndiyo maana namwomba kila anayeniuliza aanze na saa yake ya mkononi kabla ya kutazama mbingu.

Tuna msemo kwamba dalili ya mvua ni mawingu, nao unatufaa tukiwa Kariakoo au Mbagala, ambako mtu akiinua macho huliona wingu likija na kupata muda wa kuanua nguo. Mlimani msemo huu una kasoro, na ni vizuri ujue sababu yake. Upepo unaovuma kutoka Bahari ya Hindi huja umebeba unyevu mwingi. Ukifika Uluguru hukutana na ukuta wa milima na kulazimika kupanda. Hewa inayopanda hupoa, na ikipoa mvuke wake hugeuka kuwa matone. Ndiyo maana miteremko ya mashariki ya milima hiyo hupata kwa mwaka mvua zaidi ya mara mbili ya ile inayonyesha Dar es Salaam, ambako huwa ni kama milimita 1,100, na ndiyo maana Mto Ruvu, ambao tunautegemea sana kwa maji ya bomba hapa jijini, hupata maji yake mengi huko. Ninyi mlipanda kutoka upande wa mjini. Mgongo wa mlima ulikuwa mbele yenu kama pazia, na wingu lilikuwa linakua nyuma ya pazia hilo tangu asubuhi, kadiri jua lilivyozidi kuipasha moto miteremko na kuifanya hewa ya mabondeni ipande. Mchana likavuka mgongo na kuwashukia. Unasema ukungu uliwafunika. Huo ukungu ndio wingu lenyewe, nanyi mlikuwa ndani yake. Halikuja ghafla. Ninyi ndio mlioliona ghafla.

Kwa sababu hiyo, asubuhi yenye jua haiahidi chochote kuhusu mchana. Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania jioni ya kuamkia safari, na kama wametoa tahadhari ya mvua kubwa kwa mkoa wa Morogoro, ahirisheni bila mjadala. Lakini utabiri ukisema kutakuwa na vipindi vya jua, kumbuka kwamba mji wa Morogoro uko kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kiko mita 2,138. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 1,600 inatosha kuwa na hali ya hewa yake yenyewe.

Ndani ya msitu, ambako huoni mbingu, dalili za kuzitegemea ni nyingine. Joto la hewa hushuka kwa muda mfupi, na upepo wa baridi huanza kushuka kutoka juu ilhali mchana kutwa ulikuwa unapanda. Huo mara nyingi ni upepo unaotangulia mvua ya radi, na ukiusikia shingoni jua kwamba muda ulio nao unahesabika kwa dakika. Mwanga hupungua mpaka unaona shida kumtambua mtu aliye hatua ishirini mbele. Majani huanza kudondosha maji ingawa mvua haijanyesha, kwa sababu miti inachuja ukungu. Ukungu peke yake, bila upepo huo na bila ngurumo, si lazima uwarudishe kama saa yenu ya kugeuza bado haijafika na mwongozaji anaijua njia vizuri. Nasema hivi kwa sababu sipendi kukujaza hofu. Uluguru ni milima ya ukungu, na anayerudi kwa kila ukungu hataiona kamwe.

Ngurumo ni jambo jingine kabisa, na hapo sina mjadala na mtu. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde 3, kwa hiyo ukiona mwanga wa radi na kuhesabu sekunde 30 kabla ya kusikia mlio, radi imepiga kilomita kama 10 kutoka ulipo, na umbali huo bado ni hatari kwa sababu pigo linalofuata linaweza kuwa juu yako. Ndani ya wingu huenda usiuone mwanga kabisa, hivyo kanuni inakuwa nyepesi zaidi: ukisikia ngurumo, uko ndani ya eneo lake. Mnatoka kwenye kilele au mgongo wa mlima mara moja, mnashuka hadi kwenye msitu wenye miti ya urefu unaolingana, na hampiti tena mahali palipo wazi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Msijikinge chini ya mti mmoja mrefu uliosimama peke yake, kwa sababu radi ikiupiga inaweza kurukia aliye karibu au kupita ardhini kwenye mizizi. Msilale chini, na msikumbatiane kwa woga. Achaneni hatua kadhaa, ili ikitokea mmoja amepigwa, wengine wabaki wazima wa kumsaidia.

Kuhusu simu, hapana, haivuti radi. Imani hiyo ina madhara, kwa sababu nimewaona watu wakizima simu zote za kikundi wakati ambapo moja ingehitajika kuomba msaada. Radi huelekea kupiga vitu virefu vilivyochomoza, na mtu aliyesimama kileleni ni kitu kilichochomoza awe na simu au asiwe nayo. Kuna imani nyingine hukuitaja, lakini naisikia mara nyingi: kwamba aliyepigwa na radi asiguswe. Mwili wake hauna umeme uliobaki. Mguseni mara moja, angalieni kama anapumua, na kama hapumui anzeni kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, kwa sababu wengi wa wanaouawa na radi hufa kwa moyo kusimama, na baadhi yao wangeweza kuokolewa na mtu aliye karibu.

Sasa kuhusu baridi, ambayo watu wa Pwani huidharau kuliko yote. Hewa hupoa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mchana wa nyuzi 30 mjini Morogoro ni kama nyuzi 20 kule Lupanga, na mvua na upepo vikiingia hushuka zaidi. Nyuzi 15 hazimtishi mtu mkavu. Lakini maji huondoa joto mwilini upesi kuliko hewa kwa zaidi ya mara 20, na nguo ya pamba iliyolowa hukaa imegandamana na ngozi ikiendelea kulinyonya joto hilo saa nzima. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, ubongo na misuli huanza kushindwa kazi, nalo huweza kutokea bila barafu wala theluji yoyote.

Nimeliona hilo kwenye njia ya Bondwa, kilele kingine cha Uluguru, juu kidogo ya Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani ambayo wapandaji wengi hupumzikia. Alikuwa kijana mwenye nguvu, amevaa suruali ya jinzi na fulana ya pamba, vyote vimelowa chapachapa. Nilimuuliza hali, akajibu, "Sijambo, nimechoka tu." Nikampa pakiti ya biskuti. Aliishika kwa mikono miwili, akaizungusha, akajaribu kuichana kwa vidole, kisha kwa meno, na mwisho akaiweka mapajani na kuitazama kana kwamba ameisahau. Wenzake walicheka wakidhani anatania. Nilimwambia agusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huohuo, naye hakuweza. Tulimvua nguo zile za juu, tukamvika sweta kavu na koti la mvua, tukamfunika kichwa, tukamkalisha juu ya begi asiguse ardhi, na tukamnywesha chai ya sukari. Ilichukua karibu saa nzima kabla hajaweza kutembea bila kushikwa.

Jaribio hilo la kidole gumba lichukue uwe nalo. Mtu anayetetemeka bado anapigana na baridi. Anayejikwaa mara kwa mara, anayekokota maneno, au anayeacha kutetemeka ilhali hajapata joto, yuko hatarini, na hatakuambia mwenyewe kwa sababu akili inayopaswa kulitambua hilo ndiyo iliyopoa. Pombe ndiyo kitu cha mwisho cha kumpa. Inapanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, damu ya moto inakimbilia nje, mtu anahisi joto usoni, na wakati huohuo joto la ndani linazidi kutoroka. Mwacheni bila kinywaji kikali, mpeni chai.

Vijito nitavigusia kwa ufupi. Kijito mlichokivuka asubuhi kwa kulowesha viatu kinaweza kufika kiunoni jioni kwa mvua iliyonyesha juu ambayo hamkuiona. Maji yakigeuka rangi ya udongo, yakianza kubeba majani na matawi, au mkisikia mawe yakigongana chini yake, msivuke. Vijito vya milimani hujaa upesi na kupungua upesi, na kusubiri saa mbili tatu ukingoni ni afadhali.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo sitaki ulielewe vibaya. Kugeuza si mara zote maana yake ni kushuka hapohapo kwa kasi. Kama radi inapiga na njia ya kushukia inapita kwenye mgongo ulio wazi, au kama kijito kilichojaa kiko kati yenu na mji, mahali salama ni pale mlipo, chini kidogo ya mgongo, mkiwa na turubai, nguo kavu na chakula. Lakini kusubiri nako kuna gharama yake, kwa kuwa mwili usiotembea hupoa na mchana unaisha, hivyo anayeweza kusubiri ni yule tu aliyebeba vitu vya kusubiria. Kila mmoja wenu tisa abebe koti la mvua la kweli, sweta ya sufu au ya kitambaa kisichoshika maji, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na tochi ya kichwani. Tochi ya simu inachukua mkono mmoja ambao mteremkoni unauhitaji kushikia miti, na inamaliza chaji ya kifaa chenu pekee cha kuombea msaada.

Nimeacha la wenzako na la mwongozaji hadi sasa kwa sababu naliona ndilo zito kuliko yote. Watu tisa waliotoka Dar es Salaam gizani, wamelipa nauli, kibali na mwongozaji, na wana tiketi za treni ya jioni mfukoni, hawafikirii kwa uhuru wanapofika saa 8 mchana. Kila mmoja anahesabu alichokwisha kutoa. Tena anayesema turudi anaonekana anawanyang'anya wenzake kitu, wakati anayesema twende anaonekana anawapa moyo. Mabishano hayo huwezi kuyashinda ukiwa pale juu umelowa, na ndiyo maana sikulaumu kwa kushindwa. Unayashinda siku moja kabla, mkiwa mmekaa Dar es Salaam mnakunywa chai: mnataja saa ya kugeuza, kila mtu anaiandika kwenye simu yake na kuitegea kengele, na mnakubaliana kwamba ngurumo ya kwanza inamaliza safari, na kwamba sauti ya mtu mmoja anayetaka kurudi inatosha, bila kuulizwa sababu. Wote mnarudi pamoja. Msigawane wengine wakaendelea na wengine wakabaki kusubiri njiani, kwa sababu mwongozaji ni mmoja.

Mwongozaji wenu naye mfikirieni kwa haki. Aliposema "Ni ninyi tu," huenda alikuwa anaogopa kwamba kikundi kisichofika kileleni kitanung'unika, kitamkata malipo, au hakitamrudia tena. Mnapokutana naye asubuhi, kabla hamjapiga hatua, mwambieni mbele ya wote kwamba atalipwa malipo yake kamili hata mkigeuzia nusu ya njia, na kwamba akisema turudi hamtabishana naye. Maneno hayo hayawagharimu chochote, na yanamfungua mdomo mtu anayeujua mlima kuliko ninyi nyote. Mumpate mwongozaji huyo kwa kuuliza ofisi ya hifadhi ya msitu wa Uluguru mjini Morogoro mnapokata kibali, na mumuulize pia hali ya njia na vijito kwa wiki hiyo.

Kuhusu mwezi wa nne, nawaomba msiende. Huo ni katikati ya masika. Subirini mwezi wa saba hadi wa tisa, wakati mvua ni chache na njia imekauka, na hata hapo saa ya kugeuza ibaki palepale. Kabla ya hapo, wawili watatu kati yenu wahudhurie mafunzo ya huduma ya kwanza, kama yale yanayotolewa na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kwa sababu kukandamiza kifua hakufundishwi kwa maandishi kama haya. Andikeni namba 112 ya dharura na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na mwachieni mtu aliyebaki nyumbani jina la njia yenu na saa mnayotarajia kutoka msituni, kwa sababu kwenye mabonde mtandao hukatika. Mtu yeyote aliyepigwa na radi, hata akisimama na kusema hajambo, au aliyechanganyikiwa kwa baridi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na yule mwenzenu aliyeteguka, hukuniambia anaendeleaje. Mwulize kama siku ile aliweza kutembea hatua nne kwa mguu huo bila kushikwa. Kama hakuweza, au kama hadi leo kifundo kimevimba, kinauma akibonyeza mfupa wa pembeni, au hakimbebi akishuka ngazi, aende apigwe picha wiki hii, kwa sababu mfupa uliopata ufa mara nyingi huchukuliwa kuwa ni kuteguka tu, nao ukiachwa huunga vibaya.